Nyundo ya kucha: kung'oa misumari bila kukata mpini, na la kufanya ukishaukata

Mpini wa nyundo ukikatika, mara nyingi haukukatwa na kupiga. Umekatwa na kung'oa. Chukua mpini uliovunjika uuangalie palipoachia. Karibu kila mara ni shingoni, upana wa kidole kimoja au viwili chini ya kichwa. Nyuzi zikiwa zimeanza kuchanika upande wa kucha, basi kosa ni la kung'oa. Kwenye kung'oa mpini unavutwa kuelekea upande wa uso, yaani upande wa kupigia, kwa hiyo upande wa kucha ndio unaonyooshwa hadi unaachia. Ukikuta shingo imechubuka na kubonyea upande wa uso, hapo mpigaji alikosa msumari na shingo ikagonga ukingo wa mbao, tena si mara moja. Na mkatiko ukiwa mrefu, wa mshazari, laini kama umechongwa, usimlaumu aliyeshika nyundo. Mpini ulitengenezwa kwa mbao ambayo nyuzi zake zinatoka nje ya ubavu badala ya kwenda moja kwa moja mpaka kitakoni.

Kwa mafundi wa pwani ya Bagamoyo suala hili lina uzito kuliko kwa seremala wa bara anayegongelea mbao mpya. Chombo kikipandishwa mchangani kubadilishwa ubao, au mashua iliyochoka ikibomolewa mbao zake ziende kwa watengeneza samani, misumari inayong'olewa ni mingi kuliko inayopigwa, na yote imekaa kwenye maji ya chumvi miaka kadhaa.

Nguvu inapita wapi

Nyundo ya kawaida ya aunsi 16, yaani gramu 450 hivi kichwa kitupu, ina mpini wa sentimita 30 na ushei. Kucha zinashika msumari kama sentimita 3 kutoka pale kichwa kinapoegemea ubao. Ukivuta kitako cha mpini kwa nguvu ya kilo 25, msumari unavutwa kwa kama kilo 250. Ndiyo raha ya wenzo. Lakini nguvu yote hiyo inapita kwenye shingo, na shingo haizidi sentimita 2 kwa 2.6. Mkono mmoja ukivuta bila kukaza meno, mbao nzuri inahimili na kuzidi. Ukiuning'iniza mwili mzima wa kilo 70 au 80 kwenye kitako cha mpini, umefika palepale ambapo hata mbao ngumu isiyo na kasoro huachia. Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki: mkono mmoja ukishindwa, usiongeze mkono wa pili wala goti. Badili njia.

Na usije na wazo la kuchomelea bomba la chuma badala ya mpini wa mbao. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa kichwa, chuma kikikatika kinakatika ghafla, na mshtuko wote unahamia kwenye kiwiko. Mpini wa mbao ndio fyuzi ya nyundo. Afadhali ukatike wenyewe, unaochongwa nusu siku, kuliko kukatika ukucha mmoja na kichwa kizima kuwa chuma chakavu.

Kuchagua kichwa

Dukani vichwa vinafanana, ila kuna cha chuma cha kufua na cha chuma cha kumimina. Cha kumimina kikigongwa kwa upole kinatoa mlio mfu, na mara nyingi kina mstari wa kalibu uliosagwa haraka na kupakwa rangi. Kucha zake zinakatika kwenye msumari wa nne. Chukua tupa mpya na uikwaruze kwenye ukingo wa uso: ikiteleza bila kula, uso ni mgumu kama inavyotakiwa. Ikila kama inayokula msumari, uso utajaa mabonde baada ya mwezi. Angalia pia pale kucha mbili zinapokutana. Uwazi uwe umechongwa ukingo mkali kwa ndani, ule unaoweza kuuma msumari usio na kichwa. Ukikuta mviringo butu, unoe mwenyewe kwa tupa ya pembe tatu kabla ya kazi ya kwanza.

Ugumu huohuo wa uso ndio unaozuia kupiga nyundo kwa nyundo. Nyuso mbili ngumu zikigongana, kibanzi kinaruka kwa kasi, na hakichagui pa kutua. Ukitaka kusukuma kucha zizame chini ya kichwa cha msumari, gonga uso wa nyundo kwa rungu la mbao. Na miwani ya kukinga macho uvae hata kama jua ni kali na jasho linaingia. Kutu inayoruka inatosha kuharibu jicho.

Kung'oa msumari wa chombo

Msumari wa mashua si kama wa kenchi. Kichwa kimezamishwa ndani ya ubao, juu yake pana kalafati (pamba ya kuziba maji) na rangi tabaka kwa tabaka, chini ya usawa wa maji pana deheni (mafuta na chokaa ya kukinga mbao), na ncha huwa imetokeza kwenye taruma, yaani ubavu wa chombo, ikapindwa kwa ndani. Anayeanza kwa kuchomeka kucha na kuvuta anavunja vitu vitatu kwa mpigo: kichwa cha msumari, ukingo wa ubao, na mpini.

Anza ndani. Tafuta ncha, na kama imepindwa inyooshe kwa koleo au ikate kwa msumeno wa chuma ibaki imetokeza milimita 5 tu. Kisha nenda nje, fukua kalafati kwa patasi kuukuu mpaka uone duara zima la kichwa cha msumari. Duara zima, nusu yake haitoshi, kwa sababu kucha zikishika upande mmoja kichwa kinakatika.

Sasa, kabla ya kuvuta, upige uingie. Weka kipande cha nondo butu juu ya kichwa, gonga mara mbili, msumari uzame milimita 2 hivi. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuona ni kurudi nyuma, na ndiyo hatua inayookoa mipini. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, kwa hiyo msumari wa zamani umejikaza ndani ya tundu lake kama kizibo. Lile pigo dogo la kuingia linavunja gundi ya kutu. Rudi ndani, gonga ile ncha iliyotokeza kuelekea nje, na kichwa kitachomoza chenyewe milimita kadhaa bila kucha kuguswa.

Hapo ndipo nyundo inaingia. Sukuma kucha mpaka shina la msumari likae kwenye kona ya ndani kabisa. Vuta taratibu, mkono ukiwa kwenye kitako cha mpini, si katikati. Kichwa cha nyundo kinapobiringika, pale kinapoegemea panazidi kuwa mbali na msumari, kwa hiyo kadiri mpini unavyolala wenzo unazidi kudhoofika na msumari unaanza kupinda. Ukiona mpini umepita wima, simama. Toa nyundo, weka kipande cha mbao ngumu cha sentimita 2 au 3 chini ya kichwa, shika upya. Msumari wa inchi 4 unaweza kudai kubadilisha vipande mara mbili. Kipande hicho pia kinazuia kichwa kuchimba shimo kwenye ubao ambao pengine unataka kuuza.

Mpaka wa nyundo yenye mpini wa mbao ni msumari wa inchi 3 kwenye mbao ngumu, au inchi 4 kwenye msonobari mpya. Inchi 5 na 6 ni kazi ya mtaimbo. Mvule una tabia yake pia: ndani yake hukutwa vijiwe vigumu kama chokaa, na msumari uliopita kando ya kijiwe unakaza ajabu. Ukisikia kucha zinalia na msumari hausogei hata kidogo, usidhani ni nguvu zako zimepungua.

Kichwa cha msumari kikikatika, bado una njia mbili. Ya kwanza haihitaji kifaa. Kandamiza kucha zishike shina lililotokeza, kisha usiuvute mpini kwa nyuma. Ulaze pembeni, kulia, mpaka ubavu wa kucha uegemee ubao. Shina litajipinda kidogo na kutoka nusu sentimita. Shusha kucha zishike upya chini, ulaze kushoto. Mara tano au sita za hivi zinatoa msumari wa inchi 3. Mpini hauumii sana kwa ubavu, mradi usiwe na haraka. Msumari ndio unaotoka umejikunja kama nyoka.

Njia ya pili ni kifaa cha kujitengenezea.

Nyundo inayoteleza

Msumari uliokaa baharini huliwa zaidi pale ubao unapokutana na taruma, kwa kuwa maji yanatuama kwenye uwazi huo. Unakuwa na kiuno chembamba katikati. Ukiuvuta polepole kwa wenzo, kiuno kinakatika na nusu inabaki ndani. Mipigo mifupi mingi ya kuvuta huutingisha kwanza, kutu ikaachia kidogo kidogo, na mara nyingi hutoka mzima. Mafundi wa kunyoosha mabodi ya magari wanakijua kifaa hiki, huvutia bati lililobonyea: fimbo ya chuma, uzito unaoteleza juu yake, na kizuizi mwishoni. Uzito ukirushwa nyuma ukagonga kizuizi, fimbo yote inavutwa kwa ghafla pamoja na ilichokishika.

Vifaa: fimbo ya chuma laini ya milimita 16, urefu sentimita 60. Usitumie nondo yenye mistari, uzito utakwama na mikono itachubuka. Uzito ni kipande cha shafti chakavu chenye kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 11, kikitobolewa tundu la milimita 17 katikati kinabaki kama kilo 2 na robo. Chini ya kilo 1 na nusu utachoka bure. Zaidi ya kilo 3 utakata misumari badala ya kuitoa. Kizuizi ni washa nene ya milimita 10 na nati mbili zilizokazana. Cha kushikia ni vaisigripi, ile plaisi inayojifunga.

Ujanja uko kwenye kuunganisha. Usichomelee fimbo ubavuni mwa vaisigripi, maana mvuto utakuwa wa kombo na taya zitateleza. Toa parafujo ya kurekebishia iliyoko kwenye kitako chake, ipeleke karakana ya kukereza vyuma, na umwambie fundi akereze ncha ya fimbo iwe na uzi uleule, urefu uleule, na ncha ya mviringo kama ya parafujo yenyewe. Fimbo inageuka kuwa parafujo: ukiizungusha unarekebisha taya, na mvuto unapita katikati kabisa. Weka nati moja ya kufungia ili isilegee kwa mipigo.

Kinapovunjika huvunjikia palepale siku zote, kwenye hatua ya kutoka milimita 16 kwenda kwenye uzi mwembamba. Kona kali ndipo ufa unapozaliwa. Mwambie fundi aache mviringo hapo, asikate kona ya nyuzi 90. Ni dakika mbili za kazi yake, na bila hayo utarudi kwake kabla ya mwezi kuisha.

Kutumia: funga taya kwenye shina zishike angalau milimita 8, kaza, shika uzito kwa mkono mmoja katikati, si kwenye ukingo wa nyuma, na vidole visipite mbele yake. Rusha nyuma mara tatu kwa upole ndipo uzidishe. Taya zikiteleza mara mbili, shina limekuwa laini kwa kutu. Fukua kuzunguka msumari kwa patasi mpaka ukute chuma kigumu.

Kutoa kipande kilichobaki tunduni

Tuseme mpini umekatika. Kata ubaki sawasawa na sehemu ya chini ya kichwa. Bana kichwa kwenye jiliwa, kucha zikiwa zimezungushiwa kitambaa. Tundu la nyundo si bomba lililonyooka: chini ni jembamba, juu limepanuka, na mbao imepanuliwa na kabari huko juu. Kwa hiyo kipande kinatolewa kwa kusukumwa kutoka chini kwenda juu. Anayekigonga kutoka juu anakikaza zaidi. Kama kabari ya chuma inaonekana, toboa mbao pembeni yake kwa keekee tundu mbili tatu za milimita 5, kipande kitalegea.

Kutupa kichwa motoni ili mbao iungue ni uvivu unaogharimu nyundo. Chuma kikifika rangi ya majani makavu, nyuzi joto 220 hivi, ugumu umeshaanza kuondoka; kikiwa bluu, kama 300, uso umelainika na hakuna mpini utakaourudisha.

Mbao ya mpini

Kinachotakiwa ni mbao inayokubali mshtuko, si iliyo ngumu tu. Mpera ni chaguo la kwanza ukanda huu: mzito, nyuzi zake zimeshikana, na unapatikana uani. Mkwaju ni mzuri zaidi ukipata tawi lililonyooka, ila unakula makali ya randa. Mkaratusi unafaa ukipasuliwa vizuri. Mvinje ni mgumu lakini unapasuka unapokauka. Kati ya vipande vitano utapata viwili. Mtiki, hata ule mzuri wa Longuza kule Muheza, ni wa milango na meza. Kwenye shingo ya nyundo unakatika kama biskuti. Mninga vilevile. Mikoko iache ilipo, ni hifadhi na haikatwi bila kibali.

Usinunue kipande kilichopasuliwa kwa msumeno ukadhani umemaliza. Msumeno haujali nyuzi zinaelekea wapi. Chukua gogo la unene wa sentimita 12 hadi 15, urefu 45, lipasue kwa shoka na kabari. Mpasuko utafuata nyuzi wenyewe, na utakachopata kina nyuzi zinazokwenda mwisho hadi mwisho. Moyo wa mti utupe, ndipo nyufa zinapoanzia. Gogo moja linatoa vipande viwili hadi vinne vya sentimita 4 kwa 5.

Paka rangi iliyobaki au nta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwani ncha hukauka haraka kuliko kati na kupasuka. Weka kivulini, juu ya kitu, mbali na mchwa. Kila wiki peleka kipande kwenye mzani wa duka na uandike uzito wake juu yake kwa penseli. Ukiona wiki mbili mfululizo uzito haushuki, kimekauka kwa kadiri hewa ya pwani inavyoruhusu. Kwa mpera ni miezi mitatu au minne, zaidi kidogo ukianza masika.

Kuchonga na kutia

Wiki moja kabla ya kutia, ile ncha itakayoingia tunduni iweke mahali pakavu zaidi, juu ya dari ya bati au kando ya jiko la mkaa, si juu ya moto. Inakauka kupita mbao nyingine, na ikishatiwa itanyonya unyevu wa kawaida na kuvimba ndani ya tundu. Tofauti ya mpini unaokaa miaka na unaolegea baada ya Ramadhani moja huwa iko hapo.

Toa umbo kwa tezo au shoka dogo, kisha kisu, kisha tupa ya mbao. Pande pana za mpini zifuate urefu wa tundu, yaani uelekeo wa kupiga. Urefu wote uwe sentimita 33 hadi 35. Kulainisha, kipande cha chupa kilichovunjwa vizuri kinakwangua kuliko msasa wa bei rahisi, na hakiachi mchanga ndani ya mbao.

Ulimi unaoingia tunduni uache mkubwa kwa milimita moja kila upande. Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu, ingiza ulimi kwa nguvu ya mkono, toa. Palipoingia weusi ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu. Rudia. Ni kazi ya mara kumi au kumi na tano, na haina njia ya mkato. Shingo ishuke polepole kutoka ulimi kwenda kwenye mpini, usiache bega lenye kona, kwa sababu ileile ya fimbo ya milimita 16.

Kabla ya kukaza, chora mstari juu ya ulimi kufuata urefu wa tundu na ukate kwa msumeno mwembamba theluthi mbili ya kina cha tundu. Kama tundu lina kina cha sentimita 3, kata 2.

Kichwa kinapandishwa hivi: shika mpini katikati, kichwa kikining'inia chini bila kugusa chochote, na ugonge kitako cha mpini, kilichoko juu, kwa rungu la mbao. Anayeona mara ya kwanza anadhani kichwa kitaanguka. Kinapanda. Kichwa ni kizito na hakitaki kutoka kilipo. Mpini ndio unaosukumwa kushuka ndani yake. Kila pigo utaona ulimi unatokeza juu ya tundu nusu milimita. Njia hii ni bora kuliko kugonga kichwa chenyewe, ambacho hukaa kombo na kumega mbao. 

Mlio ukibadilika kutoka mzito kuwa mkali na ulimi ukaacha kusogea, basi. Ulimi uwe umetokeza milimita 4 au 5. Laza nyundo mezani uso ukiangalia chini: ukingo wa uso na kitako cha mpini viguse meza pamoja. Kama havigusi, toa na ukwangue tena sasa, kabla ya kabari.

Kabari ya mbao iwe na upana sawa na urefu wa tundu, unene milimita 6 juu ikishuka hadi 1, urefu sentimita 3. Wachongaji wa Bagamoyo wana vipande vya mpingo vya kutupa, na kishawishi ni kuvitumia. Mpingo ni mgumu mno na una mafuta, unateleza ukarudi nje. Mninga au huohuo mtiki tuliousema vibaya hapo juu ndio wa kabari, kwa kuwa unakubali kubonyezwa na kushika. Igonge mpaka isikubali tena, kata kilichozidi, ile milimita 4 ya ulimi iache imetokeza. Imepanuka kama kofia na haiwezi kurudi tunduni. Kabari ya chuma iongezwe moja tu, kwa mshazari kukatiza ile ya mbao. Ukiifanya mwenyewe kwa bapa la chuma, piga meno kwa tindo pande mbili, meno yakitazama juu.

Mafuta ni ya linsidi, kwa sababu yanakauka. Ya nazi na ya nyonyo hayakauki, mpini unabaki unateleza na kushika vumbi. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, inafanya kazi, ila nyumbani hawatakubali uiingize ndani. Mimina linsidi kina cha sentimita moja kwenye kopo, simamisha nyundo kichwa chini usiku mzima ili ile ncha iliyo wazi inywe, kisha paka mpini wote mara tatu, siku moja kati. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke au kilowekwe. Kikikunjwa kikatupwa kwenye kona yenye maranda kinaweza kuwaka chenyewe.

Kichwa kikianza kucheza

Mpini uliotiwa masika utalegea kaskazi ikianza kuvuma, kwa kuwa mbao imesinyaa. Dawa ya haraka ya ufukweni ni kuchovya nyundo kwenye ndoo ya maji, au baharini kabisa, na kwa saa moja inaonekana imepona. Kilichotokea ni kwamba mbao imevimba, imekosa pa kwenda, na nyuzi zake zimejibana na kupondeka ukutani mwa tundu. Ikikauka inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Kesho utachovya tena, na chumvi itakuwa imeanza kula chuma kutoka ndani, pasipoonekana.

Badala yake rudia kugonga kitako, kichwa kikining'inia, kisha ongeza ile kabari ya chuma kama hukuwa umeitia. Kagua kila asubuhi kwa kutingisha karibu na sikio. Kichwa kinachocheza kina mlio wa kukwaruza kabla hakijaonekana kwa jicho. Kikilegea tena baada ya kabari ya chuma, usitie ya tatu. Mbao iliyo tunduni imeshakuwa unga na itatoka yote kwa pamoja, pengine juu ya mtu aliye chini ya ngazi. Kata, toa, na uchukue kipande kingine cha mpera kutoka kwenye vile ulivyoviandika uzito.